Simu iliyowasahau viziwi

Na MWANDISHI WETU

Karibu na kituo cha mabasi ninapoteremkia kila jioni kuna fundi wa viatu ambaye hasikii. Wateja wake wengi humwita "bubu", naye ama hajui kwamba aitwa hivyo, ama ajua lakini amechoka kukasirika. Kando ya sanduku lake la misumari na gundi huweka daftari la shule, na kalamu imefungwa humo kwa uzi ili isiibwe. Ukimletea kiatu, wamwonyesha kwa kidole mahali palipobanduka. Yeye huandika bei. Nawe ukitaka kupunguziwa waandika yako chini ya yake. Ukurasa mmoja wa daftari hilo huweza kubeba mabishano ya asubuhi nzima.

Jioni moja nilimkuta ameiegemeza simu yake ya mkononi kwenye kopo la rangi ya viatu, naye anaongea. Ndiyo, msomaji, anaongea. Mikono yote miwili ilikuwa hewani, nyusi zikipanda na kushuka, mabega yakitikisika kwa kicheko. Katika kioo cha simu alikuwako mwanamke aliyekuwa akimjibu kwa mikono vilevile. Aliniandikia baadaye kwamba huyo ni dada yake, ambaye pia hasikii, na anakaa Mombasa. Walikuwa wakimsengenya shemeji yao. Watu waliokuwa wakingoja basi walisimama kuwatazama kama watazamao sarakasi.

Nilikwenda zangu nyumbani nikiwa na swali. Simu imekuwako duniani kwa karibu miaka 150. Mbona fundi huyu na dada yake wameanza kupiga soga kwa simu juzi tu?

Jibu la swali hilo ni kisa cha ajabu, kwa maana mtu aliyeiunda simu alikuwa mwalimu wa viziwi, mwana wa kiziwi, na mume wa kiziwi.

Alexander Graham Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1847. Mama yake alikuwa na masikio mazito sana, na yasemekana kijana huyo alikuwa akiweka kinywa karibu na paji la uso la mama yake na kusema kwa sauti nzito ya chini ili mama aupate mtetemo wa maneno. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na alikuwa amebuni mwandiko maalumu wa kuonyesha jinsi ulimi na midomo inavyokaa katika kutamka kila sauti. Mwana akairithi kazi hiyo. Mwaka 1871 alifika Boston, Marekani, kuwafundisha walimu wa watoto viziwi jinsi ya kutumia mwandiko wa baba yake.

Katika kutafuta njia ya kumwonyesha mtoto kiziwi umbo la sauti, Bell alifanya jambo ambalo wengine wangeliona la kutisha. Mwaka 1874, kwa msaada wa daktari rafiki yake, alipata sikio la maiti, akaunganisha mifupa yake midogo na unyasi mwembamba, akaweka chini yake kioo kilichopakwa masizi. Aliposema ndani ya sikio lile, kiwambo kilitetemeka, mifupa ikacheza, na ule unyasi ukachora mawimbi kwenye masizi. Bell akajiambia kwamba ikiwa kiwambo chembamba namna hii chaweza kuisukuma mifupa, basi kiwambo kingine chaweza kuisukuma sumaku, na sauti ikapita katika waya. Tarehe 7 Machi, 1876, alipewa hataza ya simu. Siku tatu baadaye alimwita msaidizi wake Watson aliyekuwa chumba cha pili, na Watson akayasikia maneno kwenye waya.

Mwaka uliofuata alimwoa Mabel Hubbard, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mabel alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka mitano baada ya kuugua homa. Basi simu, iliyotokana na juhudi za kuwasaidia viziwi, ikawa kitu ambacho mke wa aliyeiunda hakuweza kukitumia.

Lakini kisa hakiishii kwenye bahati mbaya hiyo. Bell aliamini kwa moyo wake wote kwamba kiziwi afundishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya watu, na kwamba lugha ya mikono ilikuwa kizuizi cha kumwondoa. Mwaka 1883 alitoa maandiko akionya dhidi ya viziwi kuoana wao kwa wao. Hakuwa peke yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba ishara ziondolewe madarasani na mahali pake pachukuliwe na matamshi ya kinywa. Karibu wote waliopiga kura hiyo walikuwa watu wanaosikia.

Uamuzi huo ulisafiri mbali. Shule za kwanza za viziwi zilipofunguliwa humu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1960, fikira zilizotawala zilikuwa zizo hizo. Mtoto alipaswa kukaa akikodolea macho kinywa cha mwalimu, na mikono yake itulie. Usiku, bwenini, mikono ilifunguka na watoto wakasimuliana. Ni miaka ya 1980 ndipo walimu walipoanza kuruhusu ishara madarasani, na miaka ya 1990 ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipoanza kuichunguza lugha ya ishara ya Kenya kwa dhati kama lugha yenye sarufi yake, sio pantomimu, na tena sio Kiswahili wala Kiingereza kilichotiwa mikononi.

Wakati huo wote simu ilikuwa ikienea, na kila waya uliotandazwa ulimtenga kiziwi zaidi. Ajira zikaanza kudai mtu ajuaye kupokea simu. Mwenye kusikia alipiga simu kwa daktari kabla ya kwenda; kiziwi alikwenda na kukuta mlango umefungwa. Huko Marekani viziwi wazee husimulia jinsi walivyokuwa wakiendesha gari safari ndefu kumtembelea rafiki, wakakuta hayuko, wakabandika kijikaratasi mlangoni na kurudi zao. Simu yenyewe ilikuwa ukutani mwa nyumba yao, mali ya mtoto anayesikia, au ya jirani aombwaye msaada kila mara mpaka uso wake ukaanza kukunjana.

VIKOMBE VIWILI VYA MPIRA

Aliyekuja kuitengeneza hitilafu hii alikuwa kiziwi mwenyewe. Robert Weitbrecht alizaliwa bila kusikia, akawa mwanafizikia katika taasisi ya utafiti ya Stanford kule California. Kwa starehe yake alikuwa mpenzi wa redio za kupasha habari. Kwa kuwa hakuweza kuisikia redio, aliiunganisha na mashine ya kupiga chapa kwa mbali, zile zilizokuwa zikitumiwa na mashirika ya habari na majeshi, hivi kwamba rafiki aliye mbali akipiga chapa kwake, herufi zikajitokeza kwenye karatasi nyumbani kwa Weitbrecht.

Daktari wa meno wa Pasadena aitwaye James Marsters, naye kiziwi, akapata habari zake. Marsters alikuwa mtu asiyetulia, na alirusha ndege mwenyewe. Alitaka jambo moja tu: ikiwa mashine zile zaweza kuongea kwa redio, kwa nini zisiongee kwa waya wa simu, ambao kila nyumba inao? Alimpelekea Weitbrecht mashine ya kujaribia. Mtu wa tatu, Andrew Saks, mfanyabiashara ambaye pia alikuwa kiziwi, akaongeza nguvu na fedha.

Tatizo la kwanza lilikuwa kampuni ya simu. Wakati ule kampuni kubwa ya simu ya Marekani haikumruhusu mtu yeyote kuunganisha kifaa chake kwenye waya zake. Weitbrecht akapita kando. Alitengeneza kisanduku chenye vikombe viwili vya mpira ambavyo mkono wa kawaida wa simu uliweza kulazwa juu yake. Ukibonyeza herufi, mashine yageuza herufi ile kuwa milio miwili tofauti ikifuatana kwa mpango maalumu, na mdomo wa simu wasikia milio ile kama ambavyo ungesikia mtu akipiga mluzi. Upande wa pili, kisanduku kingine chasikiliza mluzi huo na kuurudisha kuwa herufi. Kampuni haikuwa na la kusema, maana hakuna waya uliounganishwa na waya. Simu ilidhani inaongea na mtu.

Tatizo la pili lilikuwa mwangwi wa milio katika waya za masafa marefu, uliokuwa ukivuruga herufi zikatoka mchanganyiko usiosomeka. Mei 1964, baada ya majaribio mengi yaliyotoa takataka karatasini, Marsters akiwa Pasadena na Weitbrecht akiwa kaskazini mwa California, herufi zilianza kutoka sawasawa. Inajulikana kwamba baada ya maneno machache ya kwanza kusomeka waliambiana waache kazi kwa siku ile wajivunie.

Ndugu msomaji, tazama ni nani waliokuwa kwenye ncha mbili za waya ule. Ni viziwi wawili. Hakuna mwenye kusikia aliyesimama katikati kuwafasiria, na mashine iliyokuwa upande huu ilikuwa sawa na iliyokuwa upande ule. Nitarudi kwenye jambo hili.

Mashine zenyewe zilikuwa kero. Zilikuwa mitumba ya chuma iliyokwisha kustaafishwa na kampuni, nzito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili au watatu kuipandisha ngazini, na zikifanya kazi sakafu yatetemeka. Mwendo wake ulikuwa maneno 60 hivi kwa dakika. Mwaka 1968 kampuni ya simu ilikubali mashine zake kuukuu zigawiwe viziwi, na watu wa kujitolea wakawa wanazizoa mabohari, wanazitia mafuta kwenye magereji yao, na kuzisambaza kwa pikapu. Kwa kuwa kengele haina maana kwa kiziwi, simu ilipoita taa ya sebuleni iliwaka na kuzima. Wakajitungia adabu zao: amalizaye kusema aandika GA, yaani zamu yako, anayetaka kukata aandika SK.

Kisha kukawa na shida ya kumpata mtu asiye na mashine, kama vile daktari, mwenye duka, au shule ya mtoto. Hapo ndipo walipowekwa watu wa kati: kiziwi apiga chapa, mpokeaji aliye kwenye ofisi ya simu asoma kwa sauti kwa yule anayesikia, na jibu larudi kwa chapa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za wenye ulemavu ikalazimisha huduma hiyo ipatikane nchi nzima kufikia Julai 1993.

Hayo yote hayakutufikia sisi. Mashine hizo hazikuenea humu nchini, na sheria yetu ya mwaka 2003 kuhusu watu wenye ulemavu, ambayo sasa imepisha ile ya mwaka 2025, iliwataka wenye vibanda vya simu vya umma waweke, kadiri iwezekanavyo, vifaa vya watu wasiosikia. Nani kati yetu aliyewahi kukiona kibanda kama hicho? Sheria ilikuja wakati vibanda vyenyewe vilikuwa vikifa, milango imeng'oka na mikono ya simu imekatwa.

Kilichomkomboa fundi wetu ni kitu ambacho hakuna aliyekifikiria kuwa ni cha viziwi. Tarehe 3 Desemba, 1992, mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, alituma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mkononi. Huo ndio uliokuwa ujumbe mfupi wa kwanza duniani. Ulipofika kwetu na kushuka bei katika miaka ya 2000, wenye kusikia waliutumia kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko kupiga. Kwa kiziwi haukuwa suala la bei. Kwa mara ya kwanza aliweza kumwambia mkewe kwamba atachelewa. Simu yake ilitetemeka mfukoni badala ya kulia, na aliyempelekea ujumbe hakuhitaji kujua kwamba mpokeaji hasikii. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, nayo ilifanya kazi kwa maandishi tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliweza kutuma pesa nyumbani bila kutamka neno.

Nilidhani basi kisa kimeisha, mpaka nilipolitazama tena daftari la fundi. "Kiatu kesho kuja." "Soli bei ile hapana, ngozi ghali." Wateja huyacheka maandishi haya na kuyaona ushahidi wa akili ndogo. Wanakosea sana. Kiswahili kwa fundi yule ni lugha ya kigeni ambayo hajawahi kuisikia hata siku moja. Hebu jaribu wewe kujifunza Kichina kwa kutazama vinywa vya Wachina kupitia dirisha lililofungwa, halafu mtu akuhukumu kwa viambishi. Sarufi ya lugha yake imo mikononi, usoni na katika nafasi iliyo mbele ya kifua chake. Ujumbe wa simu ulimfungulia mlango, lakini wa lugha ya pili. Alipoegemeza simu kwenye kopo la rangi ndipo alipoongea kwa lugha yake mwenyewe, kwa kasi yake, pamoja na dhihaka zake zote kuhusu shemeji.

GLAVU ZINAZOSEMA

Magazeti hupenda sana habari za glavu. Kila baada ya miaka michache huzuka kijana mwenye kipaji aliyetengeneza glavu zenye nyaya; kiziwi azivaa, afanya ishara, na mashine yatamka neno kwa sauti. Wazo si jipya. Mwaka 1983 Gary Grimes, wa maabara zilizobeba jina la yule yule Bell, alipata hataza ya glavu iliyosoma herufi za vidole. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitunzwa dola 10,000 kwa glavu za aina hiyo. Hapa kwetu, Roy Allela alisifiwa ulimwengu mzima mnamo 2019 kwa glavu zake alizozibuni kwa sababu ya mpwa wake mdogo aliyezaliwa bila kusikia. Katika kila kidole huwekwa vihisi vinavyopima jinsi kidole kilivyopinda, na habari hizo hupelekwa bila waya kwenye simu, ambayo hutoa sauti. Mvaaji aweza hata kuchagua sauti yenyewe, iwe ya mwanamume au ya mwanamke. Glavu hizo zilijaribiwa na watoto katika shule moja huko Migori.

Sitaki kumvunja moyo mtu aliyefanya kazi kwa kumpenda mtoto wa ndugu yake. Mtoto yule hakuwa na mtu nyumbani wa kuzungumza naye, na mjomba aliona hilo alipokuwa wengine hawalioni. Lakini viziwi wengi duniani wamezipokea glavu kwa baridi, na sababu zao yafaa tuzisikie. Walimu wa lugha ya ishara katika chuo kile kile cha Washington waliandika barua ya wazi kupinga sifa zilizomiminwa. Kwanza, lugha ya ishara haimo katika vidole pekee. Katika lugha nyingi za ishara nyusi zikiinuliwa sentensi yageuka kuwa swali, na kichwa kikitikiswa yageuka kuwa kanusho. Glavu haioni uso. Mgonjwa aweza kumwambia daktari "sina mzio wa dawa hii," na glavu itamke "mzio wa dawa hii." Mwaka 2020, tulipovaa barakoa, viziwi walituambia jambo hilo hilo, kwamba tumewafunika nusu ya lugha, lakini wengi wetu tulikuwa na hofu zetu.

Pili, glavu huongea upande mmoja. Kiziwi akishasema, mwenye duka atamjibu kwa nini? Kwa kinywa, kama kawaida yake. Yule anayesikia havai kitu, hajifunzi kitu, habebi betri. Mzigo wote u mikononi mwa yule ambaye tayari amebeba mizigo mingi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana nilisema tutazame ni nani waliokuwa kwenye ncha mbili za waya mwaka 1964.

Zipo zana zinazokwenda upande wa pili. Mwaka 2019 Google ilitoa programu ya simu inayoandika papo hapo maneno yasemwayo karibu nayo. Mmoja wa walioiunda ni Dimitri Kanevsky, mwanasayansi ambaye ni kiziwi tangu utotoni. Kiswahili nacho kilikuwa kimeingizwa mwaka 2017 miongoni mwa lugha ambazo kampuni hiyo yaweza kuzitambua kwa sauti. Ni msaada mkubwa kwa aliyesoma vizuri, hasa aliyepoteza masikio ukubwani. Ila mashine yoyote ya namna hii hupata taabu pale mtu aanzapo kwa Kiswahili, akapitia Sheng na kumalizia kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo Nairobi inavyoongea.

Na Oktoba 2025, huko Dakar, kijana Mkenya Elly Savatia alitwaa tuzo ya Afrika ya uhandisi itolewayo na chuo cha kifalme cha uhandisi cha Uingereza, pauni 50,000, kwa mtambo uitwao Terp 360. Huo husikiliza maneno ya kinywa, kisha mtu wa kuchorwa kwa kompyuta huyafanya kwa ishara kwenye kioo. Hapa mzigo umehama kidogo, kwa kuwa mwenye kusikia ndiye anayetumia mashine ili aeleweke. Hata hivyo shirikisho la viziwi duniani pamoja na chama cha wakalimani wa ishara walitoa neno mwaka 2018 kuhusu watu wa kuchorwa kwa jumla: wafaa kwa matangazo yasiyobadilika, kama vile saa za garimoshi, lakini wasiwekwe mahali pa mkalimani palipo na mazungumzo ya watu wawili. Nakubaliana nao. Anayekosa garimoshi atapata jingine.

Mahali penye hatari ni hospitalini na mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia lugha ya ishara, na kwamba mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya kesi apewe mkalimani bila malipo. Tena kifungu cha 120 kimeifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Bungeni, basi, kiziwi anaheshimika. Lakini aingie zahanati ya mtaani saa nane ya usiku mkewe ana uchungu wa kuzaa. Mkalimani hayuko. Atakayefasiri ni mtoto wao wa kwanza, anayesikia, ana miaka tisa, na ndiye atakayeambiwa na muuguzi amweleze mamake kwamba mtoto tumboni hachezi. Watoto waliolelewa na wazazi viziwi wanayajua mambo haya. Waulize, watakueleza maneno waliyolazimika kuyabeba kabla ya umri wao.

Kifaa cha kuondoa mzigo huo kwa mtoto kipo katika mfuko wa muuguzi. Ni ile simu ya fundi wa viatu. Katika nchi kadhaa, tangu mwanzo wa karne hii, kiziwi apiga simu ya video kwa mkalimani aliye ofisini, mkalimani amwona na kusema kwa sauti kwa daktari, na majibu yarudi kwa ishara. Humu nchini nako huduma za namna hii zimeanza kuonekana. Zinachohitaji ni wakalimani waliofunzwa na kulipwa, pamoja na mtandao usioganda. Picha ikiganda katikati ya ishara ni sawa na mtu kuzibwa mdomo katikati ya neno.

Na kuna bei. Mimi nikimpigia dada yangu Mombasa nalipia sauti, ambayo ni nyepesi na rahisi. Fundi akizungumza na wake analipia picha, ambayo humaliza bando upesi kuliko sauti. Umbugha ule ule juu ya shemeji yule yule wamgharimu zaidi. Kampuni za simu hutuuzia bando za usiku, za mpira na za wanafunzi. Ya kuongea kwa mikono yaweza kuuzwa pia.

Wiki iliyopita nilipeleka kiatu, nikamwandikia fundi katika daftari habari za glavu zinazosema, nikamchorea na picha. Aliisoma akaitazama mikono yake, iliyokuwa nyeusi kwa rangi na imeganda kwa gundi hadi kwenye kucha. Akaandika: "Kazi gundi. Glavu kuvaa vipi?" Halafu akanivuta kiti, akaanza kunifundisha. Nimekwisha kujua kusema kiatu, kesho na bei. Nilipotaka anifundishe namna ya kusema "punguza", alijifanya hanielewi.